Kipimo cha Daraja

Rimoti za gemu zilifika kwenye meza ya Chapuchapu ndani ya trei ya kijani, kumi na mbili kwa trei, na kila moja ilipaswa kupimwa kwa dakika moja na nusu. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote. Unachomeka waya, gemu inafunguka kwenye kioo pale pale darajani, na dada mkubwa yuko tayari ananing'inia. Mdogo wake, ambaye ndiye wewe mwenye rimoti, amemshika mkono. Unabana kitufe cha kulia kwa kidole gumba, cha nyuma kwa kidole cha shahada, unasukuma kijiti kushoto daraja linapoyumba. Rimoti inatetemeka kama kuku aliyeshikwa miguu. Dada anasema, "Niachie. Wewe nenda." Unamwachia taratibu, gumba kwanza, naye anaanguka, na mtetemo unafifia kidogo kidogo mpaka unakwisha. Ukikwisha vizuri, rimoti ni nzima. Unagonga muhuri, unachukua nyingine.

Ofisi iliichagua sehemu hiyo kwa sababu ndiyo pekee inayotumia vitufe vyote kwa mpigo. Huko zilikouzwa rimoti, watu wazima wenye ndevu zao waliifikia sehemu hiyo sebuleni, wakaweka rimoti chini na kutoka nje kupunga upepo. Wapimaji waliifikia mara mia mbili na arobaini kwa siku, na kutoka nje kulihitaji ruhusa.

Jina la Chapuchapu alipewa na msimamizi, kwa sifa. Kiti cha kulia kwake alikaa mama mmoja aliyemzidi miaka sita, ambaye jina lake halisi lilikuwa sawasawa na la kwake, herufi kwa herufi. Kwa hiyo waliitana somo, na baadaye laini nzima ya wapimaji ikamwita yule mkubwa Somo, hata msimamizi.

"Somo, mikono imeamkaje?" aliuliza Chapuchapu.

"Inacheza yenyewe. Jana nimemmiminia mzee chai, nusu imeenda kwenye suruali. Ananiuliza, nimekukosea nini?"

"Bora wewe una wa kummwagia."

Mikono ya wapimaji wote ilikuwa hivyo. Mtetemo ulibaki ndani ya mifupa hata baada ya kazi. Sindano haikuingia uzi, ufunguo haukuona tundu. Walikuwa wameomba glavu za mpira na robo saa ya kupumzika asubuhi. Waliomba kwa mdomo, wakaomba kwa barua, wakaambiwa barua ile imepotea na nyingine isiandikwe.

Ndipo wakakutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Walikuwa watu kumi na wanane, yaani wapimaji wote. Baadaye kuna waliokuja kusema walikuwa msalani, lakini walikuwa kumi na wanane, na makabati ya chumba kile yanatosha kuhesabia.

Somo ndiye aliyesita. "Mimi nusu nusu sitaki," alisema. "Tukisimama, tusimame wote. La sivyo kila mtu akajipake mafuta ya moto kwake."

"Saa nne, Jumanne," alisema Chapuchapu. "Mzigo wa kwanza unakuwa umekwisha, wa pili haujapanda. Meza tupu. Tunaweka mikono juu ya meza, tunasimama, hatusemi neno. Na mimi nitakuwa wa kwanza, msiwe na wasiwasi."

Wote wakakubali. Mmoja alipiga hata kifua.

Jumanne mzigo wa pili uliwahi kupanda. Saa nne kamili Chapuchapu alikuwa na rimoti mkononi na dada alikuwa ameshaanza kusema niachie. Akajiambia amalize hiyo moja. Alipomaliza aliona Somo amesimama, mikono juu ya meza, akitazama kulia, kisha kushoto. Chapuchapu akagonga muhuri, akachukua nyingine. Wengine kumi na sita walikuwa wanafanya vivyo hivyo.

Somo alisimama dakika kumi na moja.

"Vipi, Somo," aliuliza msimamizi, "umekalia mwiba?"

Watatu walicheka. Wapo hadi leo na wanajijua.

Alitolewa nje na mlinzi, aproni yake ikabaki kwenye mgongo wa kiti. Baada ya chakula cha mchana ilipitishwa karatasi iliyosema kwamba hapakuwa na kikao chochote na kwamba mfanyakazi huyo aliacha kazi kwa sababu zake binafsi. Chapuchapu alitia sahihi akiwa wa tatu. Hakutaka kuwa wa kwanza, wala wa mwisho.

Alhamisi asubuhi dada aligoma kuanguka.

Chapuchapu alimwachia kama kawaida, gumba kwanza, na dada akabaki hewani chini ya daraja, amevaa aproni ya kazini, na sura yake ilikuwa ya Somo. Rimoti iliendelea kutetemeka. "Saa nne bado?" aliuliza Somo kupitia kispika kidogo cha rimoti.

Trei mbili za kwanza Chapuchapu alizigonga muhuri hivyo hivyo, asije akavuruga hesabu ya siku. Trei ya tatu aliona mtetemo hauishi kabisa, na rimoti isiyonyamaza ni mbovu kwa mujibu wa kanuni. Akajaza karatasi ya kukataa. Penye sababu aliandika: *Haanguki.* Kufikia saa tano na robo meza kumi na saba zilikuwa zimeandika hivyo.

Msimamizi akaja, akainamia kioo.

"Si yule tuliyemfukuza huyu?"

"Ndiye."

"Anataka nini?"

"Anauliza saa."

"Mwambieni saa tano na robo, mzigo uende."

Akaambiwa. Akabaki pale pale.

Aliitwa fundi. Alibadilisha nyaya, akafuta gemu, akaiweka upya, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Meza moja tu haikuwa na tatizo. Ilikuwa ya Mgeni, binti aliyeajiriwa Jumatano na kukalishwa kwenye kiti cha Somo. Kwake dada alikuwa na sura yake ya dukani na alianguka vizuri. Fundi akajaribu mwenyewe, naye hakuwahi kumwona Somo maishani: dada akaanguka. Akajaribu msimamizi: Somo akaning'inia na kumwuliza saa.

"Gemu ni nzima," alisema fundi akikunja nyaya zake. "Anabaki kwa wanaomjua. Hilo halinihusu mimi, ni la utawala."

Utawala haukuchelewa. Rimoti zile zina kipaza sauti kidogo mbele, cha wachezaji kuongelea, na kilikuwa hakijawahi kuwa na hatua yake kwenye kipimo. Ijumaa karatasi ya maelekezo ilibandikwa upya juu ya kila meza, imetiwa plastiki. Kati ya hatua ya sita na ile ya mwisho iliongezwa moja: *Sema kwa sauti: Simjui.*

Ukinong'ona, Somo haanguki. Asubuhi ile wapimaji walikohoa sana. Wengine walijaribu kusema huku wanapiga miayo, wengine walilisema haraka kama anayetema kokwa. Chapuchapu alivuka trei mbili nzima bila kulisema, akakataa rimoti ishirini na nne, na msimamizi akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Trei ya tatu alilisema. Somo alimtazama bila hasira, kama mtu aliyepitwa na lifti na atangoja nyingine, kisha akaanguka. Mtetemo ukafifia, ukakwisha vizuri kabisa.

Baada ya wiki mbili hakuna aliyekohoa. Chapuchapu alikuwa amerudi mbele ya wote kwa hesabu.

Zile trei mbili alizozigonga muhuri Alhamisi, Somo akiwa bado ananing'inia ndani yake, zilikuwa zimeshasafiri. Huko zilikokwenda hakuna aliyekuwa amefundishwa kusema simjui, na Somo alibaki hewani sebuleni mwa watu akiwauliza kama ni saa nne. Watu wale waliandika barua. Mzee mmoja alisema alikaa naye tangu chakula cha mchana hadi jioni, akashindwa kuzima. Wengine wakapeana rimoti hizo kwa zamu. Mwisho wa mwezi wachezaji walipiga kura, na daraja likachaguliwa kuwa sehemu iliyogusa moyo kuliko zote kwa mwaka ule. Mkurugenzi alishuka mwenyewe na tuzo ya kioo.

"Ninyi mnawaliza watu dunia nzima," aliwaambia wapimaji. "Mjivunie."

Wakapiga makofi. Kwa mikono ile, makofi yalitoka mengi kuliko waliyokusudia.

Jumapili mchana Somo, yule wa nyama na damu, alibisha hodi kwa Chapuchapu. Alikuwa amevaa vizuri. Alikalishwa kwenye kiti kisicho na misumari ya kuchoma.

"Nimekuona kazini," alisema Chapuchapu, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kumjia.

"Nimesikia. Naonekanaje?"

"Umekonda."

"Ndivyo nilivyo." Alipokea chai kwa mikono miwili. "Somo, sitakaa. Shauri langu linasikilizwa Alhamisi, ofisi ya kazi. Wao wanasema nilisimama peke yangu kwa wazimu wangu. Nikipata shahidi mmoja tu wa kusema tulikubaliana, narudi kazini, na lile la mikono linaandikwa. Mmoja anatosha. Wale wengine nimeshawazungukia."

"Wamesemaje?"

"Wamenipa nauli ya kurudia." Alicheka kidogo. "Sikuombi useme uongo. Sema tu tulikubaliana saa nne. Wazo lilikuwa la nani, hilo usilitaje, litakuletea matatizo bure."

Chapuchapu aliangalia kikombe. Angependa Somo awe amemtukana. Tusi mtu unaweza kulibishia.

"Nitakuja," alisema.

"Najua," alisema Somo.

Alhamisi Chapuchapu alipelekwa ofisi ya kazi kwa gari la kampuni, kwa kuwa kampuni nayo ilikuwa imeandika jina lake kwenye orodha ya mashahidi. Dereva alimwambia atamngoja getini, zamu yake leo inaanza saa nane. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye mafaili hadi dirishani. Afisa alikuwa mama mtu mzima aliyevaa miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Somo alikaa upande wa ukuta. Msimamizi alikaa karibu na feni.

Afisa alisoma jina la mlalamikaji, akasoma jina la shahidi, akatazama tena. "Ni mtu mmoja huyu?"

"Ni wawili," alisema msimamizi.

"Haya. Shahidi, mlalamikaji huyu unamjua?"

Nyumbani Chapuchapu alikuwa amefanya mazoezi ya kusema ndiyo. Alikuwa ameyafanya mbele ya sufuria, mbele ya kioo, na asubuhi hiyo mbele ya mlango. Kazini, tangu ile Ijumaa, alikuwa amesema lile lingine mara elfu tano na zaidi.

"Simjui," alisema kwa sauti.

Isije ikadhaniwa ulimi ulimponyoka na nafasi ikapita. Nafasi ilikuwepo. Afisa aliinua uso, kalamu ikiwa hewani, akangoja, tena muda wa kutosha; mtu angeweza kumaliza rimoti nzima. Msimamizi alikuwa amefumba macho mbele ya feni. Hakuna aliyemtisha mtu chumbani mle. Chapuchapu aliitazama ile kalamu mpaka iliposhuka na kuandika.

Wakati inaandika, Somo aliinuka kutoka kwenye kiti bila kusimama. Alipanda polepole hadi miguu yake ikawa juu ya sakafu kiasi cha kiganja, na hapo akatulia.

"Shuka utie sahihi kwamba umesomewa uamuzi," alisema afisa.

"Sishukiki, mama."

Afisa alibadilisha miwani, akamtazama, kisha akaliinua faili juu kwa mikono miwili. Somo akatia sahihi hapo hapo alipokuwa. Shauri likafungwa. Ikaitwa namba iliyofuata, ya mwashi aliyevunjika nyonga.

Ngazi Somo alizishuka kwa kushika reli. Uani palikuwa na upepo.

"Nishike hadi getini, somo," alisema. "Hapa nitapeperuka niende kwa watu."

Chapuchapu akamshika mkono. Uliendelea kutetemeka, na wa kwake nao, na hawakuweza kujua upi unautikisa mwenzake. Walitembea hivyo uani mzima, mmoja chini, mmoja juu kidogo, wakiwapisha wenye mafaili. Chapuchapu alitafuta la kusema na kila alilolipata lilikuwa dogo kuliko njia.

"Mzee hajambo?" aliuliza mwishowe.

"Hajambo. Siku hizi anajimiminia mwenyewe."

Getini dereva alipiga honi mara mbili, si kwa ubaya. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na tano.

"Nenda," alisema Somo. "Utachelewa."

Chapuchapu alimwachia. Somo hakuanguka wala hakupanda. Alibaki kando ya ukuta, kwenye kimo kile kile, akisogea kidogo kila mtu alipotaka kupita.

Ndani ya gari kulikuwa na joto. Dereva alikuwa mchangamfu, mtu wa hadithi, na tangu asubuhi alikuwa anatafuta mwanya.

"Kumbe wewe ndiye unayepima zile rimoti," alisema akiingiza gia. "Shemeji yangu katuletea moja, zile maalumu. Juzi mimi na mke wangu tumefika darajani. Nakwambia nililia, mtu mzima na mvi zangu. Yule mama anavyokuuliza saa, unatamani umjibu kitu." Alijifuta shavu kwa mgongo wa mkono, ingawa lilikuwa kavu. "Nyie mnaoiona kila siku, huwa mnalia?"

Chapuchapu alikuwa anahangaika na mkanda, chuma hakioni tundu lake. Dereva alimsaidia kuufunga.

"Mwanzoni," alisema.