Kibuyu cha Kukosa Subira

Kila asubuhi Micah alimwomba Mungu uvumilivu, na alitaka ufike kabla chai haijapoa. Alikuwa mzee wa kanisa na nyapara wa wakamuaji kwenye shamba moja la Mzungu huko Subukia. Ng'ombe walimzoea. Akiingia zizini, hata yule mkaidi aliachilia maziwa upesi, yaishe.

Jumapili iliyokuwa inakuja, mwaka ule wa hamsini na saba, mchungaji angetoka Nakuru kuja kubatiza. Darasa zima lilikuwa tayari isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa Kipsang, mdogo wake Micah wa tumbo moja. Tangu mkewe Jepkorir afariki, Kipsang alikuwa mtu wa kuanza na kuacha. Alihudhuria darasa vizuri mpaka siku ya ubatizo ikaribie, kisha akapotelea malishoni na ng'ombe, akarudi wenzake wameshalowa mtoni na kukauka.

"Safari hii basi," Micah alimwambia mkewe, Cheptanui. "Asipofika kanisani Jumamosi kuulizwa maswali, namtoa darasani, na asinijie tena na habari za ubatizo. Hata Mungu huchoka."

Cheptanui alikuwa ameinamia kibuyu, akikisugua ndani kwa kijinga cha moto mpaka moshi ukamtoa machozi. "Amekwambia lini kwamba amechoka?"

"Nani?"

"Mungu."

"Mama Cheptoo, mimi naongea mambo ya kanisa."

"Na mimi naongea mambo ya maziwa. Haya ni ya mchungaji. Usiyaguse mpaka Jumapili."

Micah hakuhitaji kuambiwa. Kwao kila mtoto alijua kwamba mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa, ikishatiwa kwenye kibuyu na kufunikwa, huachwa gizani mpaka igande yenyewe. Ukifungua mapema umeiharibu. Na mgeni akionja maziwa mabovu, aibu haimpati aliyefungua. Humpata mama wa nyumba, kwamba hajui kusafisha vibuyu vyake.

Micah alijua yote hayo. Lakini Alhamisi alijikuta peke yake nyumbani, akaanza kufikiri. Je, kama hayatakuwa tayari? Mchungaji atoke Nakuru kote huko aje anywe maji ya chokaa? Alifungua kifuniko kidogo tu, akaonja. Bado. Akakifunga vizuri sana. Ijumaa akaenda kuhakikisha kwamba alikifunga vizuri, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, akaonja tena. Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, akahakikisha vilevile.

Kanisani Kipsang hakuonekana. Micah aliuangalia mlango mpaka shingo ikamuuma, kisha akarudi nyumbani amevimba.

"Nimemaliza naye," alisema.

Cheptanui alikitoa kibuyu, akakiinamisha juu ya bakuli. Yakatoka maji ya manjano, halafu mabonge, halafu harufu iliyomfanya mbwa ainuke na kwenda kulala kwingine.

"Labda," Micah alisema haraka, "kibuyu hakikukauka sawasawa."

Mkewe alimnyooshea kidole mdomoni. "Futa sharubu, Baba Cheptoo."

Akafuta. Kidole kilitoka na unga mweusi wa mkaa wa kibuyuni.

Cheptanui alipita nyuma ya kapu la mahindi, akarudi amebeba kibuyu kingine. "Hiki ndicho cha mchungaji. Kile kilikuwa chako."

"Changu?"

"Tangu unioe. Nikisikia mgeni anakuja natengeneza viwili, kimoja cha mgeni na kimoja chako cha kukosa subira nacho."

"Miaka yote hiyo! Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeharibu vyote viwili."

Micah alikaa kwenye kigoda. Mwishowe akachukua kofia yake.

"Unaenda kumtoa darasani?" mkewe aliuliza.

Micah alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alimkuta Kipsang kando ya mto, ng'ombe wakinywa. Akakaa karibu naye, akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kanisani au zizini. Alinyamaza. Ng'ombe walimaliza kunywa, wakarudi majanini, na yeye bado amenyamaza, ingawa mguu mmoja ulikuwa ukitikisika wenyewe.

"Ni lile jina," Kipsang alisema mwishowe.

"Jina gani?"

"Zakayo."

Micah ndiye aliyemchagulia jina hilo la ubatizo, siku moja akitoka zizini kuelekea kanisani, kwa sababu Kipsang ni mfupi kama yule Zakayo wa kwenye Biblia. Mwenyewe aliona limekaa vizuri.

"Jepkorir alinijua kama Kipsang," mdogo wake alisema. "Nikifika huko naitwa Zakayo, atanitambuaje? Atanipita."

Micah alikuwa na jibu, tena lenye sura na aya. Aliliuma likabaki mdomoni. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe huuliza tu kama niko tayari."

Siku ya ubatizo Kipsang hakuingia mtoni. Lakini hakwenda malishoni pia. Alisimama ukingoni, akishika makoti ya wanaobatizwa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Baadaye alikuja kula kwa kaka yake, akakaa karibu na mlango.

Mchungaji alikunywa mursik, akalamba midomo, akaongezewa. "Mama, una subira wewe."

"Nafundishwa hapa hapa nyumbani," Cheptanui alisema.

Mchungaji akamtazama Kipsang, akamuuliza Micah. "Na huyu ndugu, mzee?"

"Bado, mchungaji. Abaki darasani. Kuna mambo ya jina tunazungumza."

"Mpaka lini?"

Micah alifungua mdomo kutaja mwezi. Upande wa pili wa meza, mkewe alikuwa akijipangusa polepole juu ya mdomo, pale ambapo mwanamume angekuwa na sharubu.

"Tutamngoja," Micah alisema, akamsogezea mdogo wake bakuli.