Blanketi ya Chini

Mama yangu akikasirika hapigi kelele. Anajifunga kitenge vizuri, anakaa, ananyamaza. Na kwa kaka yake, mjomba Gatsinzi, alikuwa amenyamaza tangu kabla mimi sijazaliwa. Juu ya nini? Usiniulize. Kila nilipomuuliza, Mama alijibu neno moja: "Anajua mwenyewe." Nikimuuliza mjomba kwa simu, anashusha pumzi, anasema, "Ana haki." Bon! Watu wawili wamegombana na wote wanakubaliana. Ugomvi wa namna hiyo mimi sijauona kwingine.

Donc fikiria shida iliyotupata Uwera, binti wa mjomba, alipopata mchumba. Kwetu, milima ya Kivu ya Kusini, msichana hatoki ndani peke yake siku ya kuozwa. Shangazi, dada ya baba, ndiye anamshika mkono na kumtoa mbele ya wakwe. Na Gatsinzi ana dada mmoja tu duniani, huyu mama yangu Nyirangabo, wa pale Shively, Louisville, huku Amerika, mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Akikataa, Uwera atatolewa na nani? Na jirani? Wakwe watasema binti hana watu. Uwera alinipigia analia. "Ingabire, mlete shangazi. Hata akija kunitukana, wee mlete tu."

Nikamwambia Mama. Akakubali haraka, mpaka nikaogopa.

Sababu niliijua njiani kwenda kwa mjomba Buffalo, tulipofika Columbus. Tulisimama Whitehall kwa rafiki yangu Jolie, tunyooshe miguu na kunywa chai. Jolie, maskini, hajui kitu, akamkumbatia Mama: "Mama, hongera! Unaenda kumtoa bibi arusi!"

Mama akaweka kikombe chini polepole. "Naenda kukataa. Uso kwa uso. Nikimwambia kwa simu, atasema hakusikia."

Jolie akaniangalia. Mimi nikaangalia sambusa. Yaani nimeomba ruhusa kazini, nimebembeleza bosi wa depo, nimeamka alfajiri, kumbe nimebeba "hapana" kwenye gari! Si angeituma kwa WhatsApp? Toka Columbus mpaka Buffalo sikumsemesha. Na yeye, kwa kunyamaza, hakuna wa kumshinda.

Tulifika kwa mjomba, kule Kensington-Bailey, jua likiwa bado linaonekana, lakini baridi ya mwezi wa kumi ilikuwa inauma masikio. Tukabisha mlango wa mbele, kimya. Nikasikia kama watu wako nyuma ya nyumba. Nikamshika Mama mkono, tukazunguka.

Yesu wangu.

Mjomba alikuwa amelala juu ya kitambaa kirefu kilichofungwa kati ya miti miwili, kinaning'inia. Kofia ya sufu kichwani, mikono kifuani, macho yamefungwa. Upande wa miguu, Uwera ameinama, anafunga kamba. Chini ya kitambaa, mchumba wa Uwera, Bahizire, yuko magotini anavuta kamba nyingine. Hakuna aliyesema kitu. Mjomba hata kope hazikutikisika.

Inabidi ujue kitu kimoja. Milimani kwetu gari halifiki. Mgonjwa analazwa mu ngobyi, kitanda cha miti na kamba, wanaume wanne wanakiweka mabegani na kutembea naye mpaka hospitali. Wengi wanarudishwa humo humo, wamefunikwa uso. Mimi nilizaliwa kambini, hizo ni habari za kusikia. Mama aliziona kwa macho.

Mkoba wake ulianguka. Halafu lilitoka yowe ambalo sijawahi kusikia kwa mama yangu, hata siku ya kumzika baba.

"Yooo! Gatsinzi! Gatsinzi wa mama yangu, umekufa!" Akaanguka magoti kwenye majani. "Umekufa hujaniambia! Blanketi ya mama uliipeleka wapi? Mama yetu yuko anatetemeka mlangoni, tayari mu ngobyi, na wewe unamvua blanketi! Nilikuona! Nilikuona na haya macho! Nilingoja uniambie mwenyewe, na sasa umekufa nayo!"

Nilimuona mjomba maiti, nikasikia neno la blanketi ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote, na sikujua nilie kwa lipi. Uwera naye akapiga kelele juu ya kelele. Bahizire akaruka pale chini, akagonga kichwa kwenye mgongo wa baba mkwe.

Na maiti ikafungua macho.

"Nyirangabo?" ikasema. Alikuwa amesinzia tu, mzee wa watu. "Blanketi gani?"

Mama akainuka, akavua shali, akaanza kumchapa nayo. "Uko mzima! Mzee mzima unajilaza mu ngobyi nyumbani kwako! Na mkwe anakufunga kama mzigo wa ndizi! Huna haya wewe? Unataka kuniua?"

"Shangazi, hapana, shangazi!" Uwera akaingia katikati. "Si ngobyi! Ni bembea ya kulalia porini. Huku watu wanaenda kulala msituni kwa kupenda tu."

"Kwa kupenda?" Mama akashangaa upya. "Sisi tulilala msituni tukikimbia, na hawa wanaenda kwa kupenda?"

"Ndiyo. Bahizire alimpeleka baba, na baba akapenda, anasema anakumbuka kulala na ng'ombe. Lakini aliganda. Alikuwa na blanketi tatu juu, mgongo ukaganda kabisa, karibu tumpeleke hospitali. Ukilalia blanketi, inabanwa na mwili, haina joto tena. Ndiyo maana tumenunua hii ya kufunga kwa nje, inaning'inia chini yake. Na huwezi kuipima bila mtu ndani. Ukikaza sana, inabanwa. Ukilegeza sana, upepo unapita."

Aliongea haraka kama mtu anayezima moto. Lakini mjomba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamwangalia dada yake. Akashuka polepole, mguu mmoja, mguu wa pili.

"Ile ya kijani?" akauliza. "Ya misheni?"

"Ile."

"Nyirangabo, iko hapa." Akainama, akapitisha mkono kati ya kile kitambaa na ile blanketi nene ya chini. "Niliifunga hapa. Mama alisema mgongo unamuuma na baridi, kama analala juu ya maji ya mto. Baba yetu alinionyesha hiyo, ukibeba mtu umfungie blanketi chini. Nikamvua ya juu, nikaifunga chini ya ngobyi na kamba ya ng'ombe. Wewe ulikuwa umeingia ndani kuchukua maziwa ya safari."

"Nilitoka nikakuta mko kwenye mteremko," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ukungu. Niliona kitenge tu juu yake. Kitenge, Gatsinzi. Na ulirudi bila blanketi."

"Juu nilimwekea koti yangu tulipofika kwenye upepo. Na blanketi alizikwa nayo." Mjomba akavua kofia yake ya sufu. "Waliniambia niifungue niirudishe nyumbani. Niliigusa, ilikuwa ingali na joto lake. Sikuweza."

Mama akaikunja ile shali, akaikunja tena.

"Kwa nini hukusema?" Mama akauliza. "Miaka yote, kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Mimi sikujua habari ya blanketi! Nilifikiri umenikasirikia juu ya mama kunifia njiani. Mimi ndiye mkubwa. Nilichelewa kutafuta watu wa kubeba. Nikasema moyoni, anyamaze, ana haki."

Nilikaa chini kwenye yale majani ya baridi, na suruali yangu nzuri. Mungu wangu! Nimekua bila mjomba, nimeolewa bila mjomba, juu ya blanketi iliyokuwa pale pale ilipotakiwa! Mmoja anakasirikia kitu, mwingine anaomba msamaha moyoni kwa kitu kingine, na hakuna hata siku moja mtu alifungua mdomo. Nilitaka kuwachapa wote wawili na ile shali.

Mama hakulia. Alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya mti.

"Nisaidieni kupanda," akasema.

Bahizire, mtoto mwenye adabu, akageuka akaangalia ukuta wa jirani. Mimi na Uwera tukamshika Mama huku na huku, tukamlaza. Kitambaa kikambeba. Alionekana mdogo sana mle ndani. Mjomba akapiga magoti chini ya dada yake na magoti yake ya uzee yanayomuuma, akakaza kamba ya mpira upande wa kichwa, akalegeza ya miguuni, akapitisha mkono kupima.

"Unasikia upepo?"

"Begani. Kidogo."

Akavuta. "Na sasa?"

Upepo wa ziwa la pale Buffalo ulikuja, ukatikisa majani, ukanipita mimi mpaka mifupani. Tukangoja.

"Mgongo umepata moto," Mama akasema.

Mjomba akatoa sauti kama ya kukohoa. "Na yeye alisema hivyo. Hayo maneno hayo."

Mama akageuza kichwa. "Mama alisema?"

"Alisema. Tulikuwa hatujafika mtoni. Alisema mgongo umepata moto, halafu akalala, akaacha kutetemeka. Baada ya hapo hakusema kitu kingine."

Sasa ndiyo Mama akalia. Alilia kimya, anaangalia juu kwenye matawi, na machozi yanaingia masikioni. Mjomba hakumgusa, alibaki ameshika ile kamba tu. Uwera akasogea, akasimama pembeni hajui pa kuweka mikono, mpaka Mama alipotoa wake na kuushika mmoja.

"Nguo yangu ya kukutoa," akasema, "mmeshaishona?"

"Ilishonwa zamani, shangazi. Kabla hujakubali."

"Ilete niipime." Uwera akageuka kukimbia ndani, lakini Mama hakumwachia mkono. "Ngoja kwanza. Gatsinzi, usiilegeze. Niacheni humu kidogo."