Siku ya Kumlaza Mke Mwenza

Mtaani walimwita Kamusi, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa msichana aliyemaliza shule na Kiingereza kizuri kuliko wenzake wote, na tangu hapo kila karatasi yenye lugha hiyo ilipita mikononi mwake: maelezo ya dawa, barua za ofisini, hata maandishi ya kwenye kopo la rangi. Alisoma, akatafsiri, akashukuriwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana uhakika.

Aliishi kwa mjomba wake, mchuuzi wa maji. Mjomba alikuwa na mkokoteni wa mapipa manne na punda jike ambaye masikio yake yalikuwa marefu hata kwa punda. Jina la huyo punda alilitoa mke wa mjomba. Kila alfajiri mumewe alikuwa akiamka, anampa punda pumba, anamsugua mgongo, anamjulia hali, ndipo anakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajanawa uso. Mkewe alimtazama wiki nzima, kisha akasema, "Basi nimeelewa. Nimeletewa mke mwenza." Jina likaganda.

Mke Mwenza alivuta maji miaka kumi na mmoja. Kisha asubuhi moja gurudumu liliteleza ukingoni mwa mtaro, mkokoteni ukapinduka, na mapipa yaliyojaa yakamwangukia mguu wa nyuma. Watu wanane walimnasua. Alijikokota kwa miguu mitatu hadi uani, akaegemea ukuta, akawa anatetemeka tu.

Daktari wa mifugo waliyemwita alikuwa mgeni, amekuja kwa miezi michache, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mkalimani wake hakuwepo, mkewe alikuwa amejifungua. Kamusi akasogea mbele kabla hajaitwa.

Daktari aliupapasa ule mguu kwa muda mrefu, polepole. Kisha akasimama, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya chini kwamba anasikitika sana, hakuna njia nyingine, inabidi "put her down".

Kamusi aliyajua maneno hayo tangu darasa la tano. Kuweka chini. Mwalimu akiyasema kuhusu kalamu, unaiweka mezani. Akiyasema kuhusu jibu, unaliandika daftarini. Hapa palikuwa na punda aliyesimama kwa shida, na maana yake ilijitokeza yenyewe.

"Anasema tumlaze chini," alitafsiri.

Mjomba akashusha pumzi. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo. Hawezi kutibiwa amesimama. Mwambie sawa."

Kamusi akamwambia daktari kwamba mjomba amekubali. Daktari akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Kamusi aliliona hilo, akaliacha lipite.

Walitandika magunia. Mjomba akamshika punda shingoni na kumshusha taratibu, huku akimnong'oneza, "Lala mama, lala. Keshokutwa utanipiga mateke kama kawaida." Daktari akafungua begi lake, akajaza sindano kubwa. Kisha akamgeukia Kamusi: amuulize mjomba kama angependa kumuaga.

Kamusi aliligeuza neno hilo kichwani. Kumuaga? Anayeagwa ni anayeondoka.

"Samahani, daktari," aliuliza kwa Kiingereza. "Amuage kwa nini?"

Daktari alidhani msichana amezidiwa na uchungu. Akalainisha sauti zaidi, akatafuta maneno ya upole zaidi: alisema ni "put her to sleep" tu, punda hatasikia chochote.

Kamusi akapumua. Kumbe ni dawa ya usingizi, kama wanayopewa watu kabla ya kupasuliwa. "Ataamka saa ngapi?"

Daktari alibaki ameishika sindano hewani. Alimtazama Kamusi, akamtazama mjomba aliyepiga magoti akitabasamu, na rangi ikamtoka usoni. Akairudisha sindano kwenye begi.

"Hataamka," alisema. "Nilidhani mmenielewa."

Majirani walikuwa wamening'iniza vichwa ukutani wakimsubiri Kamusi atafsiri, kama kawaida yake. Yalimjia maneno mengi ya kuzungukazunguka: atapumzishwa, atasaidiwa, atalala. Kiswahili nacho kina stara zake. Lakini mjomba alishadanganyika na neno moja la namna hiyo, na angedanganyika na la pili hadi sindano iingie.

"Mjomba, nimekosea," alisema. "Hakusema tumlaze. Alisema tumuue. Kwa sindano, bila maumivu. Nami nikamwambia umekubali."

Tabasamu la mjomba lilichukua muda kuondoka. Mkono wake ulibaki kwenye shingo ya punda.

"Muulize kama mguu hauwezi kufungwa," alisema mwishowe.

Kamusi akauliza. Safari hii alimfanya daktari arudie kila jibu, akamrudishia kwa maneno mengine kuhakikisha. Mfupa ulikuwa umesagika mahali pawili. Haungeunga. Wakimwacha, angeteseka siku chache kisha afe vilevile.

"Ni kweli hivyo?" mjomba aliuliza. "Sasa una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mjomba akaagiza mkewe aitwe. Alikuja na unga bado mikononi, akaketi chini penye vumbi, akampangusa punda matongotongo kwa upindo wa nguo yake. "Haya, mwenzangu," alimwambia. "Umenitunzia mume. Nenda salama." Hakuna aliyecheka.

"Mwambie aendelee," mjomba alisema. "Ila aseme kabla ya kuchoma, nijue."

Daktari alisema, Kamusi akatafsiri, na mjomba akakishika kichwa cha Mke Mwenza mpaka kikawa kizito.

Kamusi alikwenda nyuma ya nyumba, akalia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Mjomba alimfuata baada ya kazi ya kuchimba shimo la kumzika punda, udongo ukiwa umemjaa magotini. Alikaa kando yake.

"Mjomba, nisamehe. Karibu nimuue bila wewe kujua."

"Karibu," mjomba alikubali, wala hakumpunguzia. "Lakini uliuliza. Ungeona aibu kuuliza, ningemdanganya huku nimemshika. Hilo lingenila mpaka kaburini." Akamshika bega. "Inuka, mwanangu. Mke wa mjomba wako hajala tangu asubuhi, na hatakula akikuona hivyo."

Wiki iliyofuata daktari alirudi kumwomba Kamusi amsaidie kliniki mpaka mkalimani wake arejee.

"Nitakuja," Kamusi alimjibu, "ila ukitaka kuua, useme kuua."

Daktari alisema hilo ni neno gumu mbele ya wenye mifugo.

"Kulainisha niachie mimi. Mimi ndiye ninayewajua."

Siku yake ya kwanza aliingia mama mmoja na mbuzi aliyekonda. Daktari alisema jambo fupi, na Kamusi akamuuliza maana yake mara tatu, kwa njia tatu, mpaka daktari akaweka kalamu mezani na kucheka. Mbuzi alikuwa na minyoo tu. Kamusi akamgeukia yule mama na kumweleza.

"Una uhakika?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," Kamusi alisema. "Nimeuliza."