Picha ya Mnufaika

"Usitikise kichwa," msusi alimwambia mteja wake. "Ukicheka, njia zinapinda."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na pazia limeshushwa. Tangu serikali ifunge saluni zote kwa ajili ya ugonjwa, msusi alikuwa akisukia nyumbani kwa kujificha, mteja mmoja mmoja, barakoa usoni na jasho shingoni. Aliyekaa kati ya magoti yake asubuhi hiyo alikuwa Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, inarusha kikao cha bunge moja kwa moja.

Bungeni kulikuwa hakukaliki. Upinzani ulisema fedha za kuwasaidia wananchi wakati huu wa ugonjwa zimeyeyuka njiani. Waziri akasimama, akaweka tai yake sawa.

"Mheshimiwa Spika, wenzetu wanaishi kwa uvumi. Msaada umewafikia walengwa. Naomba ile picha."

Nyuma yake ikatokea picha kubwa ya mwanamke aliyekumbatia kiroba cha unga, dumu la mafuta ya kula likiwa miguuni. Juu ya barakoa, macho yake yalikuwa yanacheka.

"Huyu ni msusi," waziri akasema. "Saluni yake tuliifunga, ni kweli. Lakini leo nyumbani kwake wanakula."

Wabunge wa upande wake wakapiga meza.

Mama Pacha aligeuka polepole, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama. "Si wewe huyo?"

"Ni mimi. Lakini kile kiroba..."

"Kumbe!" Mama Pacha akazima simu. "Ndiyo maana juzi unga ulipopanda tena, sisi tunalia, wewe umenyamaza."

Msusi akamweleza kila kitu. Walikuja watu wa serikali na gari na kamera, wakawapanga foleni yeye na watu wachache waliowakuta kwenye uwanja wa zahanati. Akapewa kiroba akishike, akaambiwa acheke kwa macho kwa sababu mdomo hauonekani. Alipomaliza, kiroba kikaenda kwa mzee aliyekuwa nyuma yake, naye akapigwa picha. Walipokwisha wote, kiroba na dumu vikarudishwa garini. Wakaambiwa wasubiri, watapigiwa simu.

"Kiroba kimoja, foleni nzima?"

"Kimoja."

"Na wewe ukacheka."

"Niliambiwa nicheke, jamani."

Mama Pacha alijifunga kitambaa juu ya nywele zake nusunusu, akasema atakuja kumaliziwa siku nyingine. Alipokuwa anavaa ndala aliinama zaidi ya ilivyohitajika, na msusi akaona macho yake yakipita uvunguni mwa kitanda.

Habari ilimtangulia msusi hadi bombani. Wanawake waliokuwa wakisubiri maji wakaacha kuongea alipofika. Kisha mmoja akasema kwa sauti ya upole mno, "Mpisheni Mlengwa, ana chungu jikoni." Wakacheka. Jina likamnasa hapo hapo. Msusi aliacha ndoo yake ikiwa tupu, akaenda ofisi ya mtaa.

Mtendaji wa mtaa alikuwa amekaa nyuma ya karatasi la nailoni lililoning'inizwa kutoka darini, ili pumzi za wananchi zisimfikie.

"Hongera," alisema. "Umefika bungeni bila kupigiwa kura."

"Sikupewa kitu, mheshimiwa. Na wewe ulikuwepo."

"Ile ni picha ya mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa mnufaika."

"Na mnufaika mwenyewe yuko wapi?"

Mtendaji akaacha kutabasamu. Alisogeza nailoni pembeni kidogo, akatazama vidole vya msusi vilivyokuwa bado vinang'aa.

"Hayo si mafuta ya nywele? Na saluni zimefungwa." Akaiachia nailoni irudi mahali pake. "Mimi si mtu wa kufuatafuata watu majumbani, dada yangu. Usinilazimishe niwe mtu huyo."

Nje, bwana mmoja aliyevaa suti alikuwa anamsubiri, ameshika simu iliyofungwa kwenye fimbo. Alijitambulisha kuwa ni msaidizi wa mbunge wa upinzani.

"Pole sana, dada. Tumekutafuta kila mahali. Kikao kinarudi jioni, tunataka waziri akusikie wewe mwenyewe."

Msusi akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alikuwa anataka kumsikiliza. "Nitasema walinipa nishike, wakachukua."

"Vizuri. Halafu useme uliviona viroba vikishushwa nyumbani kwa waziri."

"Sikuviona."

"Lakini wewe unadhani vilikwenda wapi?"

"Kilikuwa kimoja, kaka."

Yule bwana akacheka kidogo, akatazama saa. "Kimoja hakiangushi waziri. Sema viroba. Na ukitoa machozi itasaidia."

"Mkimwangusha, sisi huku mtaani tunapata nini?"

"Kwanza tumwumbue. Mengine yatafuata."

Alikuwa ameshainua fimbo, anatafuta mwanga. Msusi akaona uso wake mwenyewe ndani ya ile simu, umechoka, umezungukwa na ukuta wa ofisi. Huyu naye anataka picha, akajisemea. Akampa mgongo. Nyuma yake akasikia, "Umeshalipwa nini, wewe? Si useme tu!"

Nyumbani alimkuta mumewe amesharudi, amekaa mezani. Mumewe alikuwa mhudumu wa hoteli, aliyeambiwa akae nyumbani hadi wageni watakaporudi, na bado kila siku alinyoosha shati lake jeupe.

"Mama amepiga simu," alisema. "Ameona televisheni. Anauliza inakuwaje mkwewe ana chakula cha kuonyesha nchi nzima, yeye analala na chai ya rangi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nitakuuliza."

"Uniulize?"

Mumewe aliinuka, akafunga mlango, akashusha sauti. "Ulikiuza? Niambie mimi tu. Sitakasirika. Pengine ulipeleka kwenu, naelewa."

Msusi akafungua mlango, safari hii akaupanua hadi ukagonga ukuta. Akabeba sufuria zote, akazipanga chini uani. Akatoa ndoo ya unga iliyobaki vumbi, akaifunua kifuniko. Akatoa masanduku ya nguo, akayamwaga. Akatoa viti, jiko, beseni la vitana. Mwisho akavuta godoro, akalilaza juu ya viti juani, madoa yake yote nje.

Milango ya majirani ikafunguka mmoja baada ya mwingine.

"Karibuni," msusi akasema. "Tazameni. Hamjazuiwa."

Walisimama mbali mbali kama sheria ya ugonjwa ilivyotaka. Wengine waliona haya, wakatazama chini. Mama Pacha alisogea, akafunua sufuria moja, akaifunika, akafunua nyingine.

Mumewe alikuwa bado mlangoni, shati lake jeupe limeng'aa kwenye kivuli.

"Na wewe njoo," msusi akamwambia.

Alitegemea atakataa. Alikuja. Alipita kati ya nguo bila kuzikanyaga, akafika kwenye godoro, akainua kona yake. Akatazama chini yake. Kisha akazunguka, akainua na ya upande wa pili.