Benchi la Mwisho Liko Kizimkazi

Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa moja na robo asubuhi, Mwalimu Mwanakheir alisimama ubaoni kuandika hesabu ya kwanza, na mgongo wake ukaegemea mkoba wa mwanafunzi. Hakugeuka kuomba radhi. Kidato cha pili B kilikuwa na wanafunzi mia na kumi na nane katika chumba kimoja, na humo ndani kugusana hakukuwa kosa la mtu.

Skuli yenyewe ilikuwa kubwa, ya zamani, hatua chache tu kutoka soko la Darajani, na harufu ya samaki iliingia darasani bila ya kubisha hodi. Waliokaa mbele walimeza vumbi la chaki. Waliokaa nyuma waliandika juu ya migongo ya wenzao, kwa zamu. Madaftari yalipitishwa juu ya vichwa kama sinia za pilau kwenye maulidi, mengine yakapotelea hukohuko. Mwanakheir alifundisha hisabati hapo tangu ujana wake na hajawahi kulifikia benchi la mwisho. Si uvivu, maana Mwanakheir hata harusini hajui kukaa kitako. Hapakuwa na pa kupita, basi.

Kwenye benchi hilo la mwisho alikaa Salhiya, mtoto wa Kizimkazi, kijiji cha kusini kabisa mwa kisiwa, aliyekuja mjini kusoma. Alikaa kwa jamaa za mama yake Michenzani, ghorofa ya juu kabisa, na kabla ya kuja skuli alikuwa ameshaosha vyombo vya nyumba nzima. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mwisho wa mwaka, na mama yake, Bi Mize, alishamwambia waziwazi kwamba akifeli, skuli ndiyo basi tena, atakwenda kukatakata vitunguu jikoni mwa hoteli. Mwanakheir alimjua Salhiya kwa kuliita jina lake na kusikia "naam" kutoka mbali. Sura yake hajaiona sawasawa.

Alkhamisi yake kilifanywa kikao cha kuweka malengo ya kuiboresha skuli. Zililetwa sambusa na chai ya maziwa, ikasomwa dua, na mwalimu mkuu, Mwalimu Wakil, akabandika karatasi ya manila ukutani. Wakil alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, ambaye alipenda malengo kama wenzake wanavyopenda kahawa. Mwanakheir alisema lake bila ya kulizungusha. Alitaka darasa ligawanywe mara mbili, na aletwe mwalimu wa pili wa hisabati. Walimu wenzake wakaitikia na sambusa midomoni. Wakil akaeleza kwa upole kwamba walimu hawaoti uwanjani, wanatoka juu, na juu kulishaombwa mwaka jana na mwaka juzi.

"Tuweke lengo linalofikika, Bi Mwanakheir," akasema, akachukua kalamu nyekundu, akaandika: Msongamano darasani umalizike kabla ya mwaka kwisha.

Wa kwanza kujua alikuwa Mbarouk, mfagiaji. Wiki iliyofuata alikwenda ofisini kusema kwamba chumba cha pili B siku hizi kinamchukua muda, na kwa hiyo anaomba fagio jipya. Akapewa. Mwanakheir naye alitupa jicho ukuta wa nyuma akaona ramani ya Afrika imekuwa ndogo. Chumba kilikuwa kinarefuka. Kilianza taratibu, pima mbili asubuhi, pima tatu mchana, kuta za pembeni zikifuata, bati nalo likifuata. Kikavuka uwanja. Kikapita katikati ya duka la vifaa vya umeme, ambalo mwenyewe alihamishia mafriji yake upande wa pili akaendelea kuuza.

Na ilikuwa raha, kusema kweli. Kila mtoto alipata pa kuweka kiwiko. Upepo ulipita, na harufu ya samaki ikapata nafasi ya kutawanyika. Mwanakheir alitembea baina ya mabenchi kwa mara ya kwanza katika ualimu wake, mikono nyuma, na furaha yake hakuificha. Siku ile alikusudia kulifikia benchi la mwisho, lakini alisimama kwa kila mtoto, akatazama kila daftari, na alipofika benchi la ishirini kengele ikalia. Akajiambia kesho. Kesho yake benchi la mwisho lilikuwa Michenzani.

Kule mambo yalikwenda bila ya matatizo, isipokuwa jamaa za Salhiya walikuwa wakimwita dirishani katikati ya somo aje awatilie maji sufuriani. Hayo hayakudumu, kwani ukuta uliendelea kwenda kusini. Ulipita Tunguu. Ulipita Jozani, ambako kima punju walikaa madirishani kusikiliza, wametulia kuliko wavulana wa benchi la kumi. Watu wa Muyuni walitaka tu waachiwe mlango wa ng'ombe, wakaachiwa. Barabara ya kusini ilipita baina ya mabenchi mawili, na madereva, Mungu awalipe, walizima redio kila walipoingia darasani. Iddi ilipopita, ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama Kizimkazi, karibu na jiko la Bi Mize, na baina ya benchi moja na jingine pana mwendo wa kutoka Darajani mpaka Forodhani na kurudi.

Salhiya akawa amerudi kwao na bado yuko darasani. Aliaga Michenzani kwa adabu zote, akabeba nguo zake na mto. Wakati wa mapumziko alitoka kwa mlango wa nyuma, akala muhogo wa nazi kwa mama yake, na kengele ilipolia, yaani habari ya kengele ilipofika, alirudi kukaa. Alinawiri. Bi Mize akasema hajapata kuona skuli yenye huruma kama ile.

Tatizo lilikuwa somo. Sauti ya Mwanakheir ilifika benchi la tatu, ikichukuliwa na upepo la nne. Kutoka hapo mtoto mmoja aliinuka, akalitembeza somo mpaka benchi la nyuma yake, akarudi kukaa. Simu ni marufuku darasani, na Kizimkazi ilikuwa darasani. Kwa hiyo somo la Jumatatu lilifika Kizimkazi Jumatano. Lingefika lote lingekuwa na heri, lakini watoto ni watoto, kila benchi lilibakisha kidogo. Njia ya hesabu ndefu kuisema, jibu fupi. Mpaka somo litoke Jozani njia yote imeshadondoka, na Salhiya akapokea jibu peke yake. X ni saba. Pembe ni nyuzi arubaini. Akayaandika majibu hayo kwa mwandiko mzuri, akayatazama, kisha akampa mwenzake wa mbele swali, nalo likarudi mjini benchi kwa benchi.

"Mwalimu," akasema mwanafunzi wa benchi la kwanza Ijumaa hiyo, "Salhiya wa Kizimkazi anauliza, njia yake vipi?"

Mwanakheir alimjibu kwa kirefu. Jibu lile lilipofika Kizimkazi lilikuwa: ni saba. Wiki iliyofuata swali likarudi vilevile, na wiki ya baadaye tena. Mwanakheir lilimuuma. Mtihani haumpi mtu alama kwa jibu tupu, na huyu mtoto hakuwa mjinga. Mjinga angeshanyamaza.

Wakaguzi walikuja na futi ya kamba. Walipima mpaka Tunguu, jua likawachoma, mbele ya hapo wakakisia. Wakagawa ukubwa wa chumba kwa wanafunzi na kila mmoja akapata eneo la kutosha kulimia mihogo. Waliandika kwamba hawajapata kuona darasa lisilo na msongamano kama lile, na Wakil akaitisha kikao kingine, sambusa mara hii zikiwa za nyama. Lengo limefikiwa kabla ya wakati. Mwanakheir akanyoosha mkono, akauliza juu ya yule mwalimu wa pili.

Wakil alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu wa pili wa nini tena, Bi Mwanakheir, na darasa lenyewe halijajaa?"

Lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake mikono mitupu. Kamati ya wazazi ilikuwa imenunua baiskeli mpya, ya kijani, yenye kikapu mbele, na akamkabidhi yeye hapohapo. Wakapiga makofi. Mwanakheir alikusudia kukasirika, ila baiskeli ilikuwa nzuri, na utotoni alinyimwa kupanda kwa kuwa ni msichana. Alimshukuru, na shukurani ilitoka moyoni.

Asubuhi ya pili yake aliwaachia benchi la mbele hesabu za pembetatu, akatia chaki kikapuni, akakunja buibui lake lisiingie kwenye mnyororo, akaondoka kuelekea nyuma ya darasa. Alijikataza kusimama, la sivyo asingefika kabla ya magharibi. Kila benchi lilisimama lote likamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa anapita. Tunguu walimpa maji ya dafu. Jozani kima mmoja alikaa kikapuni mpaka alipochoka mwenyewe. Miguu ilimuuma, na bado alijikuta anacheka peke yake.

Alifika adhuhuri imeshasaliwa. Kwenye benchi la mwisho msichana mwembamba, mtandio mweupe umefungwa vizuri, aliinuka.

"Wewe ndiye Salhiya?"

"Naam, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nshafika. Hebu lilete swali lako."

Hapakuwa na ubao, kwa hiyo aliandika kwenye ukuta wa nyuma, na chaki ilishika vizuri ingawa ukuta ulikuwa na unyevu wa chumvi. Alikwenda hatua kwa hatua, hakuruka kitu. Salhiya alitazama bila ya kupepesa. Hesabu ya pili aliifanya mwenyewe. Ya tatu aliifanya mbio, halafu akageuka, na uso wake wote ukawa unacheka. Mwanakheir akamwachia chaki. Alilala kwa Bi Mize, akalishwa samaki wa kupaka, akabaki siku mbili akifundisha mabenchi ya mwisho, na ukuta ukajaa njia kutoka pembe hadi pembe. Salhiya sasa alikuwa akiwaeleza wenzake.

Asubuhi ya tatu walikuwa wanakunywa chai kwa mkate wa ufuta. Akaja Nassra wa benchi la thelathini na tisa kwa miguu, na habari mbili zilizotoka mjini. Ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Wakil. Alikuwa anampa hongera, na kwa kuwa nafasi ipo ya kutosha, skuli imewapokea wanafunzi wapya mia moja, wote wametiwa pili B, wamekaa mbele.

"Na ya pili?" akauliza Mwanakheir.

"Benchi la kwanza, mwalimu. Zile hesabu za pembetatu. Wamepata majibu nyuma ya kitabu, ila wanauliza, njia yake vipi?"

Mwanakheir aliimaliza chai yake, maana ilikuwa na iliki na ingekuwa dhambi kuimwaga. Alimbusu Bi Mize mkono. Salhiya akamshikia baiskeli.

"Utarudi lini, mwalimu?"

"Nikishawajibu wao."

Salhiya akahesabu kwa vidole, mabenchi arubaini na wageni mia, kwenda na kurudi, na siku zilizobaki kabla ya mtihani. Alipata jibu, na njia yake aliijua. Aliomba tu Mbarouk asije akaufuta ukuta, na Mwanakheir akaahidi kumwambia, akapiga kengele ya baiskeli, akaondoka zake ameridhika, mkate wa ufuta kikapuni.

Nyuma yake ukuta ulisogea kidogo kuwapisha wanafunzi wapya, na bahari ikaingia chini ya benchi la mwisho. Salhiya akanyanyua miguu, akaendelea kuandika.