Birika Lililotoa Ushahidi

Asubuhi hiyo Mama Chai alijaza maji kwenye birika la umeme, akabonyeza swichi, akaendelea kumenya viazi. Alikuwa nyumbani siku ya kazi kwa sababu ofisi aliyokuwa akiiandalia chai ilikuwa imemfukuza. Alikuwa akimmiminia mkurugenzi maji ya chai kikaoni, kishikio kikachomoka, na maji ya moto yakamwishia mkubwa mapajani. Wakasema ni uzembe. Wakamwambia aondoke na birika lake.

Maji yalipochemka, birika lilikohoa.

"Kishikio changu kimelegea," lilisema, kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. "Skrubu ni fupi. Kiwandani wanajua."

Wifi yake alikuwa mlangoni akijipaka mafuta miguuni. Hakugeuka. "Mwambie huyo mgeni apunguze sauti, nasikiliza redio."

"Si mgeni, wifi. Ni birika."

"Afadhali. Nimechoka kukusikiliza wewe tu."

Nyumba ya pili, birika la mshona nguo lilikuwa linasema hayo hayo kwa sauti nyembamba. La mwalimu lilisema kwa besi. Ilipofika saa ya chai mtaa mzima ulikuwa unaitikiana jikoni hadi jikoni, skrubu fupi, skrubu fupi, na mshona nguo akapata mdundo wa kukanyagia cherehani yake. Alimaliza sketi mbili kabla maji hayajapoa.

Baadaye kampuni ilitoa tangazo redioni. Wenye mabirika ya aina hiyo waache kuyatumia mara moja. Wayachomoe. Wasijaribu kukaza skrubu wenyewe. Waangalie namba kitakoni, kisha wayarudishe dukani, hata kama risiti imepotea. Kuhusu kuongea tangazo halikusema kitu, maana kuongea hakukuwa kasoro.

"Umesikia?" wifi alisema. "Lirudi dukani."

"Likirudi, nani atanisemea? Lipitie ofisini kwanza, waambiwe mimi si mzembe. Nataka kazi yangu."

Wifi akavaa viatu vyake vya harusi, kwa kuwa hakuwahi kwenda kutoa ushahidi. Akalifunga birika kwenye taulo na kulipakata njia nzima kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watu wawili walimpongeza. Akashukuru.

Mkurugenzi aliwapokea akiwa amekaa upande, juu ya mto. Birika liliwekwa mezani, likachomekwa, na wifi akatangaza kwamba hakuna mtu kuligusa. Walisubiri maji yachemke. Tarishi, mzee aliyezeeka akisambaza mafaili ya ofisi ile, alisimama mlangoni kusikiliza.

Birika likachemka, likakohoa, likasema yote.

"Walijua tangu lini?" mkurugenzi aliuliza.

"Tangu sampuli ya kwanza. Walisema mnunuzi atashika kwa upole."

"Ushahidi umenyooka," mkurugenzi alisema. "Mama Chai, hukuwa mzembe. Kazi yako ipo, anza leo."

Wifi akapiga vigelegele mpaka karani wa ghorofa ya juu akateremka akidhani kuna mtu amepandishwa cheo. Tarishi alimshika Mama Chai mikono wakazunguka meza mara kadhaa, na birika, likiwa bado la moto, likawapigia mluzi.

Mama Chai alipopata pumzi, akanyoosha mkono kwenye waya. "Sasa nalichomoa, mkuu. Nikitoka linarudi dukani."

"Acha. Na kikao cha mchana tunywe nini?"

"Tangazo limesema tuache kulitumia."

"Tangazo limewaambia wamiliki. Umerudi kazini na birika limerudi kazini, kwa hiyo mmiliki ni ofisi. Na ofisi ni mimi."

Mkurugenzi alifikiri kidogo, akijiweka sawa juu ya mto. Kishikio, alieleza, kilichomoka kwenye kikombe cha kwanza, birika likiwa limejaa na zito. Likifika kikombe cha mwisho huwa jepesi, halina madhara. Kosa basi lilikuwa kwenye utaratibu wa ofisi, kwamba chai huanzia kwa mkubwa. Kuanzia leo itaanzia kwa tarishi.

Wakuu wa idara, waliokuwa wamevutwa na vigelegele, walikubali wote. Mmoja alisema ni jambo la unyenyekevu.

"Wewe wifi," wifi alimnong'oneza Mama Chai, "mkono wako je?"

"Nimeuviringishia taulo."

Mchana tarishi aliketishwa kwenye kiti cha mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Alikuwa amechana nywele. Mapajani alijiwekea sinia, na juu ya sinia mafaili mazito aliyoazima kwa karani. Mama Chai akaja na birika, limejaa, linatoa mvuke.

"Kishikio changu kimelegea," birika lilisema.

"Pole, ndugu yangu," tarishi alisema, akakinga kikombe. "Mimi nijazie tu."