Nyumba Zipigwe Bila Watu

Zoezi la Uhakiki wa Picha za Majengo Yaliyomo Ndani ya Mita Sitini za Ukingo wa Mto, Awamu ya Pili, ya kwanza hakuna aliyeiona, na agizo ni nyumba zipigwe picha bila watu, lakini Sikudhani ameshatoa kiti, amekaa mlangoni kwake na khanga ya Idi, mgongo umeifunika ile X nyekundu ya kubomolewa, "mama, naomba usogee, bila alama picha haina maana," anasema Apolinari, afisa aliyehamia Nachingwea juzijuzi, mtoto wa watu, shati limemlowa, na Hemedy mpiga picha jicho liko kwenye kamera, goti linamuuma, sogea tu dada, tumalize nikalale, picha ikipatikana watabomoa, isipopatikana watatuzungusha hivi tena kesho kisha wabomoe... "Hemedy, mdogo wangu, kidevu hivi au nikishushe?" anauliza Sikudhani, kana kwamba ni mwaka ule wa harusi yake, ufuta umeshauzwa, mtaa mzima umejipanga kupigwa picha kwa mjomba wake Hemedy, na Hemedy ndiye mshika mwamvuli wa kukinga jua, saa ya mkononi moja tu, anavua huyu anavaa yule, hata Swalehe, marehemu mumewe, aliivaa na kusoma saa hajui, na mto ulikuwa kule, nyuma ya mashamba, bibi harusi akitaka utokee kwenye picha anatembezwa mpaka poda inayeyuka... mto ndio uliohama, kila mafuriko hatua kadhaa, umemfuata Sikudhani mpaka uani, ila mto hauandikiwi barua, na sasa hivi wenyewe ni mchanga mtupu, "nimekaa hapa kabla mto haujaja, kauulize wenyewe," anamwambia Apolinari, "mama, mimi nimetumwa tu," "basi na wewe kaa, tupigwe wote," ...na nyumba yake mwenyewe Hemedy, ya tatu kutoka hapa, ameipiga asubuhi, X katikati, mwanga mzuri, akaondoka hata hakugeuka, alidhani ni uzee, uzee gani, mtu unapiga picha mlango wako kama maiti asiye na ndugu... "Mzee Hemedy, mwambie basi, wewe atakusikia," amwambie nini, maisha mazima amewaambia watu wa mto huu neno moja tu, tulia, usipepese, usisogee, wakamtii, mabibi harusi, watoto, wagonjwa waliopigwa picha ya mwisho, leo awaambie sogea, wataondokaje watu aliowafundisha mwenyewe kukaa... "kishushe kidogo, dada," anasema, "hapo hapo, usisogee."

Hemedy alimpiga picha Sikudhani akiwa amekaa mlangoni kwake.